Sala Ndefu za Jumatano

Jumatano, 2 Desemba 1970

Mvua ya kwanza leo, ya kulowesha vumbi tu. Jioni tulikuwa na sala katika lile darasa la Ufukoni tunaloazimwa na shule. Sisi Wapresibiteri wa Mtwara hata madawati hatuyajazi. Kuna Wanyasa wachache kutoka ng'ambo ya Ziwa Nyasa, waliobaki tangu enzi Waingereza walipojenga reli ya karanga, kuna sisi wa Kyela na Tukuyu tulioletwa na kazi za bandari na ofisi, na yuko mwenzangu Emmanueli, Mkenya, ninayefanya naye kazi bandarini. Mchungaji hutoka Dar es Salaam mara mbili kwa mwaka kutupa Meza ya Bwana. Siku nyingine zote kanisa ni wazee watatu: mimi, Emmanueli, na Stefano Nyirenda, seremala, anayeanzisha nyimbo.

Sala ya mwisho niliomba mimi. Niliombea kila nyumba kwa jina lake na kwa shida yake, maana ndivyo nilivyolelewa. Mungu hapewi sala za jumla-jumla. Tulipotoka Stefano akaniambia, "Petro, leo umetupeleka mbinguni kwa miguu." Nimeipokea kuwa ni sifa.

Jumapili, 6 Desemba

Ibada nzuri. Stefano aligonga kile chuma chake cha kupimia sauti kwenye goti, akakisikiliza, akatupa noti, nasi tukaingia sauti zote nne bila kinanda. Waanglikana wana kinanda, nasi tuna Stefano, sioni wivu wa nini. Sauti ya pili sasa inaongozwa na Magreth, binti wa Tukuyu anayepiga chapa Boma, kwenye ofisi za serikali. Sauti yake nzito na tulivu, akiimba yeye hata sisi wa besi tunajua pa kukanyaga.

Ila hutoka kabla ya sala ya mwisho. Jumatano hutoka, Jumapili hutoka. Sipendi mtu anayetoka kabla ya sala ya mwisho.

Ijumaa, 18 Desemba

Emmanueli alikuja ghalani kwangu leo kwa hasira. Wapagazi wamemuuliza kama mama watoto wake ameanza tena kumpikia. Ni kweli wamenuniana mwezi mzima, lakini neno hilo alilileta kwetu waombaji wa Jumatano, tumwombee. "Nani amelitoa nje?" ananiuliza mimi. Nilimwambia anyamaze, nitachunguza. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ijumaa, 25 Desemba

Krismasi. Watu wengi kuliko viti. Magreth alitoka mapema.

Jumatano, 6 Januari 1971

Chama kimefanya mkutano. Tumeambiwa kila nyumba iwajue wageni wake, kwa sababu ng'ambo ya Ruvuma vita vimechachamaa na majasusi wa Mreno wanapenya na wakimbizi. Malori ya jeshi yanapita mchana kutwa. Siku hizi Mnyasa akikohoa, watu wanauliza anamkoholea nani, kwa vile nchi yao inapatana na Mreno.

Baada ya mkutano huo Stefano alitufungulia moyo, mimi na Emmanueli. Alikuja kijana kutoka Nyasa kujenga reli, reli ikafa, yeye akabaki, akamwoa Rozalia binti wa huku Nanguruwe, na uraia hakuwahi kuuomba. Kila mwaka alisema mwakani. Sasa anaogopa. Tulikubaliana neno hili lisitoke nje ya waombaji wa Jumatano, na leo nililiweka mbele za Mungu kwa nguvu zangu zote. Nikasema, "Bwana, mtumishi wako Stefano Nyirenda hana karatasi hata moja ya nchi hii. Umfiche kwenye pindo la vazi lako, mahali ambapo serikali haipapasi!" Watu waliitikia amina mpaka madirisha yakalia. Rozalia alilia. Mimi mwenyewe nilisikia mwili unasisimka.

Alhamisi, 7 Januari

Mvua usiku kucha. Jikoni panavuja.

Jumanne, 19 Januari

Naandika kwa hasira.

Stefano ameitwa Boma. Alikwenda asubuhi na koti lake la Jumapili, akarudi saa nane akaja moja kwa moja hapa kwangu Likombe, hakupita hata kwake. Elizabeti mke wangu alimpa maji, akayashika tu mkononi. Anasema afisa alikuwa kijana mpole, hakumfokea. Alimtazama kwanza, halafu akacheka kidogo akamuuliza, "Kumbe wewe ndiye unayefichwa kwenye pindo la vazi?"

Pindo la vazi! Maneno yangu mwenyewe, nami sikuyatoa kitabuni, yalinijia papo hapo nikiwa nimefumba macho. Hakuna mtu Mtwara nzima anayeweza kuyajua isipokuwa aliyekuwa ndani ya darasa lile Jumatano ile. Basi tuna msaliti, anayekaa nasi, anayeimba nasi na kuitikia amina, halafu anakwenda Boma.

Stefano ameambiwa alete ushahidi wa ukaaji wake. Hana. Mwajiri wake wa kwanza alikuwa Mzungu wa reli aliyekwisha kwenda kwao. Nilimwambia, "Ndugu yangu, huyu mtu nitampata." Akanijibu, "Petro, mimi nataka kukaa na mke wangu. Huyo mtu mwachie Mungu." Mwema mno, na wema kama huo ndio unaowalea wasaliti.

Jumatano, 20 Januari

Leo wakati wa sala niliacha jicho moja wazi. Kila mtu anaonekana mwongo akifumba macho.

Jumapili, 31 Januari

Nilimshuku Emmanueli siku mbili tatu, kwa vile anazungumza Kiingereza na kila meli. Nimemwacha. Mtu hawezi kujitangazia mwenyewe kwamba mke hampikii.

Jumatatu, 8 Februari

Nimemwona Magreth akiteremka kutoka Landrova ya Boma, anacheka na dereva. Nilipomwambia Elizabeti akasema, "Baba Felista, mvua kama hii, msichana akipewa lifti asicheke?" Wanawake hutetea wanawake. Mimi nimeanza kuunganisha. Anafanya kazi Boma, alikuja kwetu mwezi wa kumi tu, na maneno yameanza kutoka mwezi wa kumi na mbili.

Ijumaa, 19 Februari

Mvua. Nimechelewa kazini kwa sababu ya tope.

Jumatano, 24 Februari

Balozi wa nyumba kumi wa pale Ufukoni, Shabani, ambaye nyumba yake imepakana na ukuta wa darasa letu, amenisimamisha njiani. "Mzee Petro, goti la mama linaendeleaje?" Nikasema linaendelea vizuri, ahsante. Nilikuwa nimefika kwenye mnazi wa pili ndipo nilipojiuliza. Yeye goti la Elizabeti kalijulia wapi? Wiki iliyopita tulimwombea. Basi Magreth anapeleka habari hata kwa balozi! Hii si bahati mbaya tena, ni kazi maalumu.

Jumatatu, 15 Machi

Stefano amepewa mpaka mwisho wa Aprili. Asipopata mtu wa kumthibitisha, aondoke. Rozalia amekaa chini kwenye mlango wa karakana yake, miguu ameinyoosha, anasema, "Mie huko Nyasa nikafanye nini? Nitasema na nani? Wanangu wawili wamelala kwenye mchanga huu." Stefano alikuwa anaranda ubao, hakuacha.

Jumamosi, 3 Aprili

Juma lijalo ni Pasaka, na mchungaji anakuja. Kwa desturi yetu wazee huwatembelea washiriki nyumba kwa nyumba kabla ya Meza ya Bwana, mzee anaongea na mtu, anamtazama hali yake ya roho, na akiridhika anampa kadi. Asiye na kadi hasogei mezani, hukaa benchi la nyuma na watoto. Mtaa wa Magreth ni wangu mimi.

Nilimkuta anapepeta mchele mlangoni. Aliniletea kiti. Nilibaki nimesimama.

"Magreth," nikasema, "maneno ya sala zetu yanafika Boma."

"Hata mimi nimeyasikia huko, baba. Nilitaka kukueleza."

"Ulitaka kunieleza! Na la pindo la vazi ulimweleza nani?"

Aliuweka ungo chini. "Baba, la pindo la vazi mimi ningelisikia wapi hata nilipeleke huko? Si mimi hutoka kabla hujaanza kuomba? Wewe mwenyewe umenisema mara ngapi?"

Jibu lilikuwa tayari mno. Mtu asiye na kosa hutafuta maneno, yeye alikuwa nayo mkononi. Nikamwambia sina kadi yake mwaka huu, na mpaka atubu ni heri akae mbali na watu anaowauza. Mvua ilikuwa imeanza. Alinitazama, akainama kuokota ungo wake usilowe.

Sikumwambia Stefano. Angeniomba nimhurumie.

Jumapili, 11 Aprili. Pasaka

Mchungaji alihubiri vizuri. Wakati wa Meza, Magreth alikaa benchi la nyuma kati ya watoto wa shule ya Jumapili, magoti yamemfika kidevuni kwa udogo wa benchi. Kila mtu alimwona. Mkate ulimpita. Stefano aliponigeukia na macho ya kuuliza, nilitazama kitabu cha nyimbo.

Tulipofika kwenye wimbo aliimba kule kule nyuma. Sauti ya pili ikatoka mlangoni badala ya katikati, na wote mbele wakayumba. Wakati wa sala ya mwisho alikuwa amekwisha toka.

Naandika ukweli: nilirudi nyumbani nimeridhika. Nilikula kuku vizuri.

Jumatano, 14 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Meli ilinichelewesha. Nilipofika Ufukoni sala zilikuwa zimeanza na mvua ikashuka yote kwa mara moja, nikakimbilia baraza ya Shabani. Alikuwepo yeye na mkewe Mwanahawa anayesuka ukili, na jirani yao Zuhura. Walinikaribisha. Mwanahawa akanisogezea mkeka. Mvua ikakatika kama ilivyokuja, nikawa najiandaa kuaga.

Ndipo niliposikia, "Bwana, tunakuja mbele zako..."

Ni Emmanueli. Nilidhani amesimama nyuma yangu. Ukuta wa darasa lile juu ni matofali ya matundu, ya kupitisha hewa, nami miaka yote nimekaa upande wa ndani. Kila neno lilitufikia. Alimwombea Rozalia kwa jina. Aliniombea mimi niliyechelewa. Mwanahawa aliacha kusuka, na palipostahili akasema taratibu, "Amina." Zuhura naye, "Amina."

Shabani akanigeukia kwa adabu. "Leo fupi. Huyu hana pumzi kama yako, Mzee Petro. Wewe ukiomba, tunaahirisha hata chakula."

Nikamuuliza kama wanasikia kila Jumatano.

"Sasa tusisikie vipi? Si ndivyo tulivyojua goti la mama linauma? Mwanahawa alitaka kumpelekea mafuta ya nyonyo."

"Na lile la... pindo?"

Mwanahawa akacheka kwa furaha. "Lile lilikuwa tamu! Nililichukua nikaenda nalo bombani. Wanawake wote wamelipenda. Mpaka watoto wakicheza kujificha wanasema, nipo kwenye pindo la vazi." Halafu akauona uso wangu, akaurudia ukili wake.

Shabani alishusha sauti. "Mzee, mimi ni balozi. Niliulizwa kule Boma kama hapa kwangu kuna asiye na karatasi. Nitaapa sijui, na wewe umenitajia mpaka jina la baba yake? Tulidhani mnataka ijulikane. Kwa nini mtu apige kelele jambo analolificha?"

Sikuingia darasani. Nilirudi Likombe kwa miguu, nimelowa. Mdomo huponza kichwa, wanasema, lakini wangu umeponza kichwa cha Stefano, mimi nakula kuku.

Alhamisi, 15 Aprili

Nimemweleza Elizabeti. Alicheka mpaka akajishika ubavu. Halafu akasema, "Na yule binti?" Hakucheka tena.

Jumamosi, 17 Aprili

Kwa Stefano nilikwenda kwanza. Alikuwa anapakia misumari kwenye kopo, anagawa vifaa vyake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Petro, nilikwambia ulikuwa unatupeleka kwa miguu. Sikujua unapita Boma." Akanishika bega. Afadhali angenitukana.

Magreth alinipokea mlangoni, safari hii hakuleta kiti. Nilimwomba radhi. Nikamnyooshea kadi.

"Hii ni ya Meza iliyokwisha, baba," akasema. "Wamekwisha kula."

"Chukua, binti yangu. Kuna ya mwezi wa kumi."

Hakuichukua. Nikamuuliza, maana lilikuwa bado linanikera hata katika aibu yangu, kwa nini basi alikuwa anatoka kabla ya sala ya mwisho.

"Kwa sababu unataja watu. Siku ya kwanza nilipokuja ulimtaja mwanamke mmoja na yote aliyokuambia, naye amekaa mbele yangu, shingo yake naiona inainama. Na mimi nina langu. Nililiacha Tukuyu. Nilichelea siku utakayolijua ukamwambia Mungu."

Nilisimama pale na kadi mkononi. Nilishindwa kupata hata sala fupi.

Jumatano, 21 Aprili

Nimefikiri wiki nzima na leo nimefanya jambo ambalo mchungaji akilisikia sijui atasemaje.

Niliwaambia waombaji kwanza, niliungama mbele yao wote, na Emmanueli akatikisa kichwa bila kuchoka. Halafu nikaomba niachiwe sala ya mwisho. Sikusimama mbele. Nilikwenda nikasimama chini ya matundu, uso ukutani, nikafungua mdomo kwa pumzi zote alizonijalia Mungu.

Nikasema, "Bwana, wewe unajua nani alitengeneza madawati ya shule hii! Unajua lile jeneza la msikiti lilipovunjika mguu ni nani aliyelichonga upya siku ile ile, asile wala asinywe mpaka maiti izikwe! Bwana, kama yuko mtu mzima Ufukoni hii anayemkumbuka Stefano kijana, mwenye nywele zote, mchochee moyo! Mchochee leo! Boma hufunguliwa asubuhi, Bwana!"

Nilimtajia Mungu watoto wawili wa Rozalia na walipozikwa. Nikamtajia mlango wa zahanati aliouweka Stefano, na mashua ya Mnazi Bay aliyoiziba. Nilipofika mwisho sauti imekauka, darasa lote likasema amina. Na nje, upande wa pili wa ukuta, wanaume kwa wanawake, nikasikia nyingine, kubwa kuliko yetu.

Alhamisi, 22 Aprili

Alfajiri Shabani alikuwa mlangoni kwangu, kanzu safi na kofia, na nyuma yake wazee wawili wa msikiti wao.

"Mzee Petro, jana hukumaliza," akasema. "Hukutaja alikuja mwaka gani. Tukifika Boma wataanza na hapo hapo."

Nikamtajia. Akaurudia mwaka huo mara mbili kwa sauti, asiusahau njiani, wakaondoka.

Ijumaa, 30 Aprili

Stefano anabaki! Ushahidi wa wazee umepokelewa, ataomba uraia rasmi, na mpaka apewe jibu hakuna wa kumgusa. Rozalia alipiga vigelegele kutoka Boma hadi karakana. Mwanahawa amempelekea kuku, naye Stefano amekwisha kuanza kuwadai watu vifaa vyake alivyowagawia. Nimelia kama mtoto, wala sioni aibu kuliandika.

Jumapili, 2 Mei

Mvua zimekatika. Jua kali, na njia zimekauka.

Stefano alisimama mbele, akagonga chuma gotini, akatupa noti. Tukaingia. Sauti ya kwanza ipo, ya tatu ipo, sisi wa besi tupo. Katikati patupu. Wale akina mama wawili wa sauti ya pili walijaribu mistari miwili, wakaishia kufuata ya kwanza. Stefano akatusimamisha, akagonga tena, tukaanza upya, ikawa vile vile. Mara ya tatu akatuacha tuimbe hivyo hivyo.

Alikuwa amekwenda kumwomba Magreth jana, yeye mwenyewe. Alirudi peke yake. Sasa binti anaimba kwa Waanglikana, wana kinanda na sala zao zimeandikwa kitabuni.

Leo sala ya mwisho nilimpa Emmanueli. Nilikaa nikawaza kwamba Boma nzima, na vita ng'ambo ya mto, na majasusi, havikuweza kutuondolea mshiriki hata mmoja. Magreth hakuna ofisi iliyomwambia aondoke. Nilimwambia mimi, mlangoni kwake, mvua ikianza.